Kabla ya Posa, Hupitia kwa Barke

Jua linaanza kugusa mabati ya Kismayo. Barke Shee analowesha kiganja, anachukua donge la unga, anainama na kulibandika kwenye ukuta wa tanuri la udongo. Mkono unazama hadi kiwikoni na kutoka kabla moto haujaugusa. Mkate wa mofa unaanza kunukia.

Foleni yote ni ya wanawake. Wengine wamefuata mkate. Wengine wana swali, nalo ni lile lile: "Bi Barke, huyu ulimnyonyesha?"

Barke ana miaka hamsini. Miaka ishirini na mitano iliyopita, alikimbia mapigano kutoka Kudha hadi Ras Kamboni, akiwa ametoka kumzika mwanawe mchanga. Maziwa yake hayakukauka. Miongoni mwa waliokimbia walikuwamo mama wagonjwa, na wengine waliokaukiwa maziwa kwa njaa. Barke alimpokea kila mtoto aliyeletwa.

"Nilikuwa nalia huku nanyonyesha," anasema. "Wao hata habari hawana. Wanavuta tu."

Kwa sheria ya dini, walionyonya ziwa moja ni ndugu, hawaoani. Kwa miezi michache, mwili wa mwanamke mmoja uliamua nani hataoa nani, kutoka Kismayo hadi Mombasa. Wazazi hawawezi kuutengua uamuzi huo. Mapenzi pia hayawezi.

Mwezi uliopita alikuja Zakia, jirani yake, uso umechanua. Mwanawe Waleed, mmoja wa walionyonyeshwa na Barke, alikuwa amepata mchumba.

"Leo sikuulizi kitu, shoga. Bibi harusi kalelewa Mombasa, karudi juzi juzi. Wewe kanda unga tu!"

"Hongera! Binti wa nani?"

"Afnan, wa marehemu Mariam."

Mkono wa Barke ulisahau kutoka tanurini. Kovu lake bado ni jekundu.

"Aliyezaliwa Ras Kamboni?"

"Huyo huyo. Mbona umeganda?"

"Zakia, huyo pia ni wangu."

Mariam alijifungua akiwa na homa kali. Alipopata nafuu alivuka mpaka kupitia Kiunga na mtoto wake, na hatimaye akafia Mombasa bila kumweleza binti yake.

Zakia aliteremsha sauti, akarudia lafudhi ya visiwani. Kwa madhehebu yao, undugu huo hauthibiti chini ya kunyonya mara tano. "Sema alinyonya mara moja, Barke. Ni mchu gani atakayekubishia?"

"Hakuna. Ndiyo maana siwezi kusema hivyo. Alinyonya mwezi mzima."

Wataalamu wa mageuko ya binadamu wanaeleza kwamba watoto wanaolelewa pamoja tangu uchanga kwa kawaida hawatamaniani wakikua. Mazoea ndiyo kizuizi. Waleed na Afnan walitenganishwa na vita kabla mazoea hayajajengeka. Maumbile hayakuwa na la kuwaonya. Kilichobaki ni kumbukumbu ya mwoka mikate.

Posa ilivunjwa. Wiki mbili Zakia hakununua mkate.

Sasa Barke ana mpango: Idi ijayo awakusanye wote aliowanyonyesha, uani kwake. "Waonane nyuso mapema," anasema, "kabla hawajapendana."

Foleni inasogea. Msichana mwenye buibui jeusi anafika mbele, macho yamemvimba kidogo.

"Mingapi, Afnan?"

"Miwili, mama. Mmoja wangu, mmoja wa kaka."