Posa ya Blanketi la Kuazima

Mkitaka kucheka chekeni tu, maana hata mimi nikiikumbuka siku ile ya Mlowo huwa nafunika uso kwa mikono, na hapo niko peke yangu chumbani hakuna anayenitazama.

Miaka ile ya themanini mwanzoni, wakati sabuni ilikuwa ukiipata unawaambia ndugu zako kwa kunong'ona, kulikuwa na maduka ya Tuinuane. Yalikuwa manne, Tunduma, Vwawa, Mlowo na Itumba, kila duka na familia yake na kila familia na mfuko wake, ila jina moja, rangi moja ya kijani mlangoni, na Landrova moja iliyoendeshwa na Shabani. La Tunduma lilikuwa letu. Tulijiita supamaketi (nyamazeni kwanza), kwa sababu tulishaona ng'ambo ya mpaka kule Nakonde mteja anaingia mwenyewe mpaka kwenye rafu anachagua anachokitaka, nasi tukatengeneza rafu, tukamwachia mteja wetu achague, na cha kuchagua kilikuwa kiberiti upande huu na kiberiti upande ule. Nguvu yetu hasa ilikuwa kuazimana. Duka likiishiwa chumvi linachukua kwa mwenzake, mzigo ukija linarudisha chumvi, maneno hakuna. Na aliyekuwa akiihubiri hiyo kanuni kila kikao ni mimi, nasimama nasema cha Mlowo ni cha Tunduma na cha Tunduma ni cha Itumba, watu wanapiga makofi. Nilikuwa na domo mimi, acheni tu.

Sasa mwenye duka la Mlowo, Mzee Simoni, Mnyiha mwenye shamba lake la kahawa, alikuwa na binti anaitwa Estheri. Nilimpenda yule binti mpaka chakula kikawa hakipiti. Na kulikuwa na mwalimu mmoja wa Vwawa, suruali imepigwa pasi, naye anapita pita pale dukani kununua kiberiti kila siku kama anachoma msitu, kwa hiyo nikaona nisipopeleka posa upesi nitabaki kusindikiza harusi ya watu.

Posa haiendi bila blanketi la mama wa binti. Yeye ndiye aliyemfunika mtoto miaka yote kwenye baridi ya Mbozi, sasa wewe unayemchukua mtoto unakuja kumfunika yeye. Baba mdogo, ndiye aliyekuwa mshenga wangu, aliniambia nivuke Nakonde nikalitafute mwenyewe. Kuvuka nako kulikuwa na shughuli yake, wanamgambo wanakupekua mpaka kwenye soksi, uvivu ukanishika. Nikamwita Shabani, nikamwambia wewe si unazunguka maduka yote, ukiona blanketi zuri popote lichukue, waambie Tunduma wameazima, tutarudisha. Basi. Balaa lote likaanzia hapo.

Juma lile lile Shabani akaniletea, limekunjwa vizuri ndani ya gazeti, kahawia lenye mistari myekundu. Akasema amelipata kwa wenzetu. Wenzetu ni wengi, na mimi kwa ujinga wangu sikuuliza wenzetu wepi. Wala sikulifunua, maana blanketi la posa ukishalifunua haliwi jipya tena.

Siku ya siku tukafika kwa Mzee Simoni. Kule mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, kusemezana ndiyo usiseme, kwa hiyo nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango natazama viatu vyangu, huku mama yake Estheri amekaa upande wa jikoni na wanawake wenzake. Baba mdogo akasimama. Akatoa hotuba ndefu kuhusu ninavyojituma, akafika kwenye blanketi, utamu ukamkolea, akasema kijana huyu amevuka mpaka kwa miguu yake mwenyewe kulifuata hili blanketi (mimi nazidi kutazama viatu). Shangazi yake Estheri akalipokea, akalikung'uta, akamfunika mama mabegani, vigelegele vikaanza.

Halafu vikakatika.

Kwenye pembe moja kulikuwa na ua limedariziwa kwa sufu nyekundu. Estheri ndiye aliyelidarizi. Mama yake alikuwa ameliweka blanketi lile stoo ya dukani ili binti aondoke nalo siku ya kuolewa, wala hakuwa na habari kwamba limetoka, maana Shabani alipopita yeye alikuwa shambani anachuma kahawa, na msichana wa duka aliposikia Tunduma wanaazima alitoa tu, kanuni ni kanuni.

"Hili ni blanketi la Estheri," mama akasema, taratibu kabisa.

Hapo ningenyamaza, baba mdogo angetafuta la kusema, ndiyo kazi ya mshenga. Lakini domo! Nilisimama, nikamtazama mama mkwe usoni, nikamwambia, "Mama, nimeliazima tu, nitarudisha."

Mama alijifunika kanga gubigubi akageukia ukutani. Wanawake wakashika midomo. Baba mdogo akanivuta koti nikae, nikakikosa kigoda, nikakaa chini sakafuni, na kutoka jikoni nikasikia mtu analia, nikajua ni Estheri, nikajua mwalimu ameshashinda. (Baadaye aliniambia hakuwa analia, alikuwa anacheka mpaka ameuma mtandio.)

Mzee Simoni alingoja kutulie. "Blanketi tumelipokea, ni letu," akasema. "Chumvi tunaazimana. Sabuni tunaazimana. Binti hatuazimi. Nenda ukalete chako."

Nilikwenda, sasa ningefanyaje? Nilivuka Nakonde mwenyewe, nikapekuliwa mpaka soksi, nikamwachia Mzambia mmoja baiskeli yangu, nikarudi na blanketi. Mara ile ya pili mama alilikagua pembe zote, akalinusa, akaligeuza, na hakuna mwanamke aliyethubutu kupiga kigelegele mpaka alipomaliza.

Estheri nikampata. Mama mkwe kwa desturi hakunisemesha mpaka tulipozaa mtoto wa kwanza, nikapeleka kuku wa kufungua mazungumzo, nimevaa koti, namngoja anipe neno lake la kwanza maishani. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Leo umekuja kuazima nini?"

Tangu siku hiyo mimi hata moto siazimi kwa jirani. Ugali ukikosa chumvi, tunakula hivyo hivyo.