Picha za Raga Ukutani kwa Bibi

Mjukuu wangu wa kike anacheza raga. Sitanii. Yuko chuo, na kila akija hapa Mbalizi likizo anakuja na michubuko magotini kama mtoto wa kuchunga ng'ombe. Likizo iliyopita alikuja na kitabu kinene cha mchezo huo, vile vitabu vya watu wanaoupenda mpaka hawatosheki kuutazama, wanataka na kuusoma. Akakiacha kwenye stuli kando ya kitanda changu, kimefunuliwa. Naingia kubadili kanga, nakuta mwanaume ananitazama. Kichwani amefungwa kitambaa cheupe, mdomo wazi, meno ya mbele hayapo.

"Kitoe humu," nikamwambia.

"Bibi, si kitabu tu?"

"Najua ni kitabu. Kitoe."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilikaa kitandani nikingoja moyo urudi mahali pake, mtu mzima na mvi zangu. Ngoja nikueleze wewe, mwenzangu, maana yeye sikumweleza. Vijana wa siku hizi ukiwaambia uliogopa kitu, wanataka uwaambie haraka haraka kwa nini.

Miaka ile ya sabini tulikuwa Mufindi, kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la chai. Mama alikuwa mchumaji. Baba alichochea moto wa boila kiwandani, kazi ya mtu mwenye mgongo, maana magogo ya miti ya mwati hayajibebi. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyetulea wakati wao wako kazini, na mimi nililala naye chumba kimoja. Nyumba zetu zilikuwa za mbao na bati. Kipupwe kikifika, Mufindi haina utani. Ukungu unapanda kutoka bondeni mchana kweupe, unaingia ndani kama mgeni aliyealikwa, na upepo unapiga mluzi kwenye kila ufa wa mbao. Tuliota moto jikoni tukila kande, tumbo linaungua na mgongo umeganda. King'ora cha kiwanda kikilia tunajua sasa baba anatoka, na nguo zake zitanukia moshi na chai mbichi.

Dawa ya upepo ilikuwa kubandika karatasi. Kambi nzima walifanya hivyo. Mama anapika uji mzito wa ngano, unapaka ukuta, unabandika gazeti, mfuko wa saruji, chochote. Watoto wengi walijifunzia kusoma hapo ukutani. Basi mwaka mmoja jirani yetu, Mnyakyusa wa Tukuyu, ambaye mumewe alikuwa mpishi wa meneja, alikuja na vitabu viwili vikubwa kichwani. Meneja alikuwa anapunguza mizigo, kavitupa. Vilikuwa vya picha tupu, karatasi nene, nyororo.

"Haya, Wahehe, bandikeni," alisema. "Upepo wenu huu una roho mbaya. Kwetu Tukuyu mvua inanyesha, lakini haitutukani."

"Si urudi kwenu ukale ndizi," Bibi akamjibu.

"Nikirudi nani atawaletea karatasi? Mtabandika ngozi za mbwa mliowala?"

Walikuwa wakitaniana hivyo siku zote. Mama akachana kurasa, akabandika chumba cha Bibi kuanzia chini mpaka juu. Mama hakujua kusoma, na nyingine alizigeuza miguu juu kichwa chini. Upepo ukakoma kabisa. Mama akafurahi.

Mimi ndipo taabu yangu ilipoanza.

Sikuwahi kuona wanaume wazima namna ile. Wamejaa tope, nyuso zimekunjamana. Hapa watano wamemwangukia mmoja, wamemkaba kiuno na miguu, mwingine ameshika shingo. Pale kundi zima limeinama, limeingiza vichwa pamoja katikati kama nguruwe kwenye pumba, migongo tu ndiyo unayoiona, na huwezi kujua humo ndani kuna nini. Picha zilikuwa nyeusi na nyeupe. Tope lilikuwa jeusi, na damu kwenye paji la uso ilikuwa nyeusi vilevile. Kwa mtoto, vyote vikawa damu. Na huyo mmoja, aliyefungwa kitambaa kichwani, alibandikwa usawa wa mto wangu. Mikono ameinyoosha. Nikigeukia ukutani tunaangaliana.

Nilimuuliza Bibi hawa ni nani. Bibi alikuwa anapukuchua mahindi. Aliangalia ukuta, kisha akasema neno moja tu.

"Mumiani."

Labda wewe hukuwahi kulisikia neno hilo likisemwa na mkubwa. Kambini kwetu tuliambiwa kwamba mumiani ni watu wanaokamata watu, wanawanyonya damu, wakaifanye dawa ya kuuza. Ndiyo maana hatukutumwa kuni peke yetu. Gari tusilolijua likisimama barabarani, tulizama ndani ya michai mpaka lipite. Kila mtu alimjua mtu anayemjua mtu aliyepotea. Lakini hapakuwa na aliyewahi kuwaona wakifanya kazi yao. Mimi sasa nimewaona, wako ukutani, na wana kitabu chao kabisa.

Nilianza kulala nimejibana mgongoni kwa Bibi, blanketi mpaka juu ya masikio. Nikajaribu kumfunika yule wa kitambaa kwa kipande cha kanga. Ikawa mbaya zaidi, kwa sababu kanga ilitikisika kidogo kidogo, kama anapumua.

Cha ajabu, baba alizipenda. Akitoka kazini, kikombe cha chai mkononi, anakuja chumbani kwetu anasimama mbele ya ukuta. Zile zilizogeuzwa alipindisha shingo. Anafuata kwa kidole, huyu anakwenda huku, huyu anampa yule. Alikuwa amewahi kuwaona wazungu wa mashamba wakicheza uwanjani kwao, kwa mbali, na mimi hilo sikulijua. Nilimwona tu baba yangu anawatazama mumiani anatabasamu, nikaogopa kwamba wamekwisha kumtia dawa.

Halafu siku moja jioni, tunakula ugali na njegere, baba akasema, "Jumamosi nakwenda kucheza na akina meneja."

Mama akaacha tonge. "Kucheza nini?"

"Ule mchezo wa ukutani. Wazungu wamepungua, wengi wamerudi kwao. Timu ya shamba la pili inakuja na hawa wa kwetu hawatimii. Meneja kaja mwenyewe boila, akanishika bega hivi, akasema huyu anatosha."

Kamshika bega. Nikakumbuka mama akimshika kuku bega hivyo hivyo kabla ya sikukuu, anapima.

"Usiende," Bibi akasema.

"Mama, ni mchezo."

"Kuna mchezo wa kupimwa nyama?"

"Nikikataa nitaonekana nina kiburi. Kazi ya boila inatakiwa na wengi."

Bibi aliendelea kula, ila nilimwona anatafuna na hamezi. Siku zilizobaki nilitembea kama mtu mwenye homa. Nilimfuata baba mpaka chooni, nikisimama nje. Alinifukuza akicheka. Nilitaka kumwambia na sikuthubutu, kwa sababu kwetu kifo hakitajwi mbele ya mwenyewe. Ukikitaja umekiita. Basi nikabaki na hofu yangu. Ilikuwa imenikaa hapa, chini ya mbavu, kama kiazi cha moto ulichokimeza bila kutafuna.

Jumamosi mchana baba akaenda, amevaa kaptula, anapiga mluzi. Bibi akafunga kaniki yake, akanishika mkono, tukamfuata kwa nyuma tukipita ndani ya chai. Umande ulikuwa haujakauka bado, ukungu umekaa juu ya miti. Tukachuchumaa mwisho wa mistari, uwanja uko mbele yetu. Wafanyakazi wengine walikuwa wamesimama upande wa pili wakishangilia, na jirani yetu Mnyakyusa nilimsikia sauti: "Shemeji, ukifa redio yako naichukua mimi!" Watu wakacheka. Mimi nilishika nguo ya Bibi kwa mikono yote.

Walikuwa ni wao. Walewale wa ukutani, ila sasa wana rangi. Wekundu, wananuka jasho mpaka kwetu, wanaguna. Mpira wao mrefu kama boga changa ukirushwa hawautazami sana, wanamtazama mtu. Baba alipopewa alikimbia vizuri, nasema ukweli, alikimbia kama mtu aliyefunguliwa. Kisha wakamwangukia. Wote. Nikamwona mguu, nikamwona kiganja kinapapasa majani, kisha sikumwona. Bibi alikuwa anahema kwa pua.

Walipomwacha, baba akainuka, sikio linavuja damu. Meneja akamwita, akatoa kitambaa cheupe, akamfunga kichwa. Akamgeuza huku na huku kuhakikisha kimekaza. Na baba akageukia upande wetu, mdomo wazi anatafuta pumzi, mikono mbele, kitambaa kichwani.

Nilipiga ukelele ambao sijawahi kuupiga tena, hata kwa uzazi.

Hawakusikia, au walisikia wakadhani ni shangwe. Wakainama. Wakaingiza vichwa, na baba yangu akaingiza cha kwake katikati. Hapo Bibi akaibandua mikono yangu nguoni. Mwanamke yule, ambaye akimwona mzungu barabarani alikuwa anavuka upande wa pili, alitoka ndani ya chai akakata uwanja moja kwa moja, miguu mitupu, akafika kwenye ile migongo akaanza kuichapa kwa viganja kama anafukuza mbuzi kwenye mahindi.

"Mtoeni! Mtoeni mwanangu humo!"

Wakaachana. Wakasimama, watu wakubwa, wanamtazama. Meneja akasema kwa Kiswahili chake, "Mama, hii mchezo tu."

"Mchezo wa kumla mtu kichwa? Mwambie mama yako alete wa kwake."

Upande wa pili kicheko kikakatika. Pale mtu hakumjibu meneja hivyo. Baba akasogea. "Mama, nakuomba, nenda nyumbani. Nitafukuzwa kazi."

"Ufukuzwe ukiwa hai."

"Mama, wote wanatazama."

"Watazame." Kisha akashika fundo la kaniki yake kiunoni, taratibu, akasema kwa sauti ya chini, kwa Kihehe, lakini mimi nilikuwa nimefika karibu nikasikia: "Nitaifungua hapa. Chagua."

Wewe unajua maana yake. Mama akimvulia nguo mwana aliyemzaa, hiyo laana haina mganga. Baba alikivua kile kitambaa, akampa meneja kwa mikono miwili kwa heshima, akatoka uwanjani. Tulirudi watatu, Bibi mbele. Njia nzima nilimshika baba kidole na kilikuwa cha moto, na nilikuwa nakibana kila mara nione kama nacho kitanibana.

Kazi hakufukuzwa. Meneja hakulisema tena jambo lile, na hakumwalika tena. Watu walimtania baba mpaka wakachoka. Yeye hakumkasirikia Bibi kwa maneno, ila kwa wiki kadhaa alikula haraka na kutoka. Siku moja mama alimwambia Bibi, kwa adabu, kwamba labda kweli ulikuwa mchezo tu. Bibi akasema, "Mtoto haazimwi." Akaendelea na mahindi yake. Wala hakuongeza neno juu ya jambo lile mpaka anakufa.

Mimi nilikuja kuelewa baadaye kwamba ni mchezo. Nimeona kwenye televisheni, nimemwona mjukuu wangu. Lakini kuelewa hakukuiondoa ile hofu. Mwili una akili yake, na hauendi shule.

Nilikwenda Mufindi miaka ya karibuni, kwenye msiba. Kambi ile haipo, wamejenga nyumba za tofali zilizopigwa lipu, ukuta hauhitaji karatasi. Uwanja wa wazungu umepandwa misonobari mpaka sikujua tulichuchumaa wapi. Jirani yetu alirudi Tukuyu siku nyingi, sikupata hata habari za kaburi lake. Watoto wanatembea barabarani jioni na simu zao, gari likisimama wanalisogelea kuomba lifti. Ni vizuri. Sisemi turudi kulekule.

Baba alifanya kazi ya boila mpaka kifua kikakataa. Nilikuwa tayari mama wa watoto wanne, nikamhamishia huku Mbeya, hospitali. Alikuwa amekwisha, mgongo ule wote umebaki kama ubao. Alikuwa anavuta pumzi moja kwa shida, ananitazama, anaitafuta nyingine. Manesi walikuwa wapole. Daktari alikuwa mpole. Nilisimama katikati ya wodi na nguvu zangu zote, nimevaa kanga mbili nimezikaza kiunoni, nikageuka kulia, nikageuka kushoto, na hapakuwa na mtu wa kumfokea.