Redio ya Mkunga na Masikio ya Shemeji

Mke wangu husema mimi nina mdomo. Ni kweli, sibishi. Neno likinifika kooni halilali humo. Mteja akiniletea ujanja namwambia hapo hapo, jirani akitupa taka mlangoni kwangu mtaa mzima unasikia. Ndiyo maana mpaka leo sijielewi niliwezaje kuufunga mdomo huu miezi kumi na minne, nikimwangalia kaka yake mke wangu akipoteza masikio. Na sikuwaficha watu tu. Nilimficha yeye mwenyewe.

Shemeji ni fundi wa redio za magari. Watu wamemwita Masikio tangu ujanani, na jina likamkaa. Gereji yetu ni banda la mabati lenye milango miwili: kulia yeye na spika zake, kushoto mimi na umeme wa magari, kuanzia stata mpaka taa za breki. Nusu hiyo ya kushoto alinipa yeye. Nilikuwa nimefukuzwa kazi, mke ana mimba, nazunguka mjini na mkoba wa bisibisi kama mganga asiye na wagonjwa. Akaniambia, "Shemeji, lete meza yako hapa, acha kujitesa." Basi. Hakuuliza swali la pili.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Mafundi wengine wakitoa redio ya kiwandani huweka alama kwenye kila waya kabla ya kukata. Spika ina chanya na hasi, na ukigeuza nyaya kwenye spika moja, hiyo inavuta ndani wakati mwenzake anasukuma nje. Haiungui wala haizimi. Inaimba tu, lakini besi inakufa, na mwimbaji unamsikia kama yuko chumba cha pili. Shemeji hakuwahi kuweka alama. Alikata soketi nzima, akaunganisha anavyoona yeye, akakaa kiti cha dereva na kufumba macho. "Kushoto nyuma imegeuka," anasema. Anageuza, mambo yamekwisha. "Mita ninayo kichwani," alikuwa akitutambia, "hizo alama waachieni wanafunzi." Na kweli, miaka ishirini sikuwahi kumwona akikosea.

Siku moja alikuja mteja, mkunga wa hospitali, na gari dogo kuukuu, redio ile ile lililotoka nayo kiwandani, spika za milangoni zimechanika karatasi. "Redio yangu ina mafua," alisema. "Nashinda zamu nzima nasikia watu wanalia. Nikipanda gari nataka kusikia mtu anaimba, tena vizuri, mpaka nyumbani." Hakuwa na uwezo wa kufanya yote kwa mara moja, wakakubaliana afanye kwa hatua, kila mkono ukipata: kwanza spika za mbele, halafu redio yenyewe, halafu amplifaya, kisha besi ya kwenye buti, na mwisho kabisa kutandika milango mpira wa kuzuia mtetemo na kupanga sauti yote upya. Hatua ya kwanza Shemeji aliifanya asubuhi moja, huku anapiga mluzi. Mkunga akafunga mlango, akasikiliza, akapiga kelele, "Jamani! Kumbe huyu mtu alikuwa na kinanda nyuma yake!" Tukacheka wote.

Aliporudi kwa hatua ya pili ilikuwa imepita miezi minne. Shemeji akafunga redio mpya, akakaa kitini, akafumba macho kama kawaida yake. "Imekaa," akasema, akaenda kunywa chai. Mimi nilikuwa nimelala chini ya gari lililokuwa karibu na meza yangu, na nilisikia. Kila mtu mwenye masikio angesikia! Besi haipo kabisa, sauti inaelea. Nikasubiri aje ageuze. Hakuja. Nikanyanyuka, nikachukua betri ndogo ya saa ya ukutani, nikaigusisha kwenye nyaya za kila spika: iliyo sawa inaruka nje kidogo, iliyogeuka inazama ndani. Kulia mbele ilizama. Nikageuza, nikarudi chini ya gari langu. Dakika tatu, hazizidi.

Sasa niulizeni kwa nini sikumwambia. Nilijiuliza hata mimi. Nikasema labda amechoka, labda ana homa. Lakini gari lililofuata alikosea tena, na lililofuata hilo. Jioni moja nikamweleza mke wangu jikoni. Akaacha kumenya vitunguu.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Usimwambie," akasema. "Kaka yangu bila ile kazi ni nini? Utamuua. Wewe si unajua kurekebisha? Rekebisha, kwani utapungukiwa nini?"

Simtupii lawama mke wangu. Alisema nilichotaka kusikia, hilo ndilo kosa lake. Nilikuwa naogopa. Yule mtu alinipa nusu ya banda lake, mimi nikamwambie nini, kwamba nusu yake haina kazi tena? Basi nikawa fundi wa siri. Akienda chai, natoa betri ya saa. Akienda kununua nyaya, natoa betri ya saa. Nikawa mwepesi mpaka nikajiogopa.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa yanaharibika. Mkewe alikuja kushitaki kwetu: "Kaka yenu siku hizi ananidharau. Namwita mara tatu, hageuki. Nikimgusa ndio ananikaripia, eti napiga kelele." Aliketi kwenye sofa yetu, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, akauliza kama kuna mwanamke mwingine. Neno moja tu lingemtuliza yule mama. Nilikuwa nalo mdomoni, mimi mwenye mdomo! Nikamwambia, "Ni uchovu tu, shemeji, kazi imekuwa nyingi." Mke wangu akaangalia sakafu. Yeye na mumewe walikaa wiki mbili hawasemezani kwa ajili ya hilo.

Hatua ya tatu, amplifaya, Shemeji aliipandisha sauti mpaka ikawa inakwaruza kama mtu anachana gunia, naye anatikisa kichwa kwa raha. "Unaisikia hiyo? Safi!" Nikamjibu, "Safi." Alipotoka nikairudisha chini. Na kila siku, ili apate kusikia, alikuwa anapandisha zaidi. Kutwa nzima banda linatetemeka, mabati yanalia, bisibisi zinatembea zenyewe mezani. Mimi nilijiwekea pamba masikioni. Ee, pamba! Mwenzangu namwacha humo humo na kichwa chake wazi, maana nikimwambia apunguze ataniuliza kwa nini.

Siku ya hatua ya nne ndiyo ilinitoa jasho. Besi ya Mkunga ilikuwa tayari kwenye buti, Shemeji amesimama nyuma ya gari akipitisha nyaya, na lori la mchanga likaanza kurudi nyuma kuingia uwanjani. Dereva hakumwona. Utingo akapiga kelele, lori likapiga honi, watu wakaita, "Masikio! Masikio wee!" Yeye ameinama, anakata waya kwa meno. Mziba pancha wa banda la pili ndiye aliyeruka, akamvuta kwa ukosi wa shati, wakaanguka wote kwenye vumbi. Tairi la lori lilipita pale alipokuwa ameweka mguu.

Shemeji akainuka, akajipangusa vumbi. Akaniangalia mimi, si wengine. "Limepiga honi?"

"Limepiga."

"Sijasikia," akasema. Akakaa juu ya ndoo. "Shemeji, humu ndani kuna nyenje. Wanalia kutwa. Nilidhani wote mnawasikia."

Kesho yake nikampeleka hospitali. Walimtia kwenye kachumba kadogo, wakamvika spika za kichwani, wakampa kitufe abonyeze kila akisikia mlio. Nilimwona kupitia kioo, kidole juu ya kitufe, macho yamefumbwa kama anavyokaa kwenye kiti cha dereva. Mlio ulikuwa unapigwa, maana daktari alikuwa anaandika, na kidole hakiendi popote. Kuna mara moja akabonyeza, akatabasamu. Daktari akatikisa kichwa: hapo hapakuwa na kitu.

Daktari alinionyesha karatasi. Mstari ulianzia juu ukashuka mpaka chini kabisa. "Hizi ni kelele za kazi," akasema. "Kilichokwenda hakirudi. Vifaa vya kusikilizia vitamsaidia kidogo, asikie kwamba mtu anaongea, lakini maneno yenyewe ataendelea kuyapoteza. Angeacha kelele mwaka mmoja uliopita angebaki anazungumza na watu bila shida." Halafu akaniuliza swali ambalo nalisikia mpaka kwenye usingizi. "Lakini huyu ni fundi wa sauti. Hakuona kazi ikimharibikia? Wateja hawakurudi kulalamika?"

Nikaikunja ile karatasi, nikaitia mfukoni. Shemeji alikuwa anatuangalia midomo.

Tulipotoka akanishika mkono kwenye ukumbi, mbele ya benchi la wagonjwa wanaosubiri. "Daktari amekuuliza nini?"

"Ameuliza kama wateja walilalamika."

"Ee?"

"Wateja! Kama walilalamika!"

"Hawakulalamika," akasema, na uso ukamfunguka kidogo. "Ungemwambia. Hakuna hata mmoja aliyerudi. Hata mmoja!"

Hapo ningeweza kunyamaza tena. Mungu anajua nilitaka kunyamaza. Nikamwambia, "Nilikuwa nakusahihishia."

"Unasemaje?"

"Nilikuwa nakusahihishia!"

"Sema, bwana, usininong'oneze!"

"NILIKUWA NAKUSAHIHISHIA NYAYA! TANGU REDIO YA MKUNGA! UKIENDA CHAI, NAGEUZA!"

Benchi zima likageuka. Mtoto mmoja akaanza kulia. Nesi alitoa kichwa dirishani kutukaripia, akaona nyuso zetu, akakirudisha. Shemeji aliniachia mkono. Alihesabu kitu kimoyomoyo, niliona midomo ikienda, nadhani alikuwa anahesabu magari. Kisha akasema kwa sauti ya chini, yeye ambaye siku hizi hajui kusema kwa sauti ya chini, "Mimi ningekuambia wewe." Akatangulia kwenda kituoni. Hatukupanda gari moja.

Alirudi kazini baada ya siku tisa. Hakunitukana, na mimi nilikuwa naomba anitukane. Mkunga alipoleta gari kwa hatua ya tano, Shemeji alimweleza mwenyewe, wazi kabisa, kofia mkononi. "Mama, mimi sisikii tena. Kazi uliyokuwa ukiipenda ni ya huyu hapa. Akumalizie yeye." Mkunga alinitazama, akamtazama yeye. Mwisho akanikabidhi ufunguo. Niliupokea kama mwizi anayepewa funguo za nyumba aliyoiibia.

Nikavua ngozi za milango, nikatandika mpira, nikaweka alama kwenye kila waya, nikajaribu kila spika kwa betri, sasa hadharani. Shemeji alinishikia tochi. Nilipowasha, Mkunga alifumba macho, machozi yakamtoka, sijui kwa ajili ya muziki au kwa ajili yetu. Ilikuwa imekaa. Naapa ilikuwa imekaa kuliko gari lolote lililowahi kutoka kwenye banda lile.

Shemeji aliweka kiganja kwenye mlango, akasikiliza kwa mkono. "Iko sawa?" akaniuliza.

"Iko sawa kabisa, shemeji."

Aliniangalia usoni kwa muda mrefu, akitafuta kitu. Nikatikisa kichwa kukubali, nikainua dole gumba, nikarudia kwa sauti kubwa mpaka koo likauma: iko sawa, iko sawa! Akaondoa kiganja taratibu. Akageuka, akampungia mkono mziba pancha, mtu ambaye hajui besi wala sauti ya juu, ambaye maisha yake yote ni gundi na viraka.

"Wewe njoo," akamwita. "Njoo unisikilizie. Niambie kweli, iko sawa?"