Meza ya Mbao za Gari la Kaburu

Nilipokuwa msichana wa miaka tisa hivi, nilimfanya baba yangu achome meza aliyoitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Uongo mmoja tu ulitosha. Wajukuu wangu nikiwasimulia wanacheka, eti Kukhu, yaani bibi, ulikuwa mtundu. Utundu gani? Ile ilikuwa dhambi, na nimezeeka nayo.

Tuliishi kwenye shamba la Kaburu mmoja, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Eldoret, mji ambao wakubwa wetu bado waliuita Sikstifoo. Baba alitoka kwetu Bubukusu akiwa kijana kutafuta kazi, akabaki hapo. Nyumbani tulikuwa Baba, Mama, kaka yangu Wafula, mimi, na Kukhu, mama yake Baba, aliyekuja kumwangalia Mama kwa sababu alikuwa na mimba. Mimba mbili kabla ya hiyo zilikuwa zimetoka, kwa hivyo nyumba nzima tulitembea kwa hofu.

Mwaka huo mwalimu wa kanisa aliahidi kuja kula kwetu Jumapili moja baada ya mavuno. Baba alifurahi, kisha akaanza kuona aibu. Mwalimu atakula wapi? Sahani kwenye magoti? Nyuma ya zizi la Kaburu kulikuwa na gari la zamani la kukokotwa na ng'ombe, limetupwa tangu lori lilipoletwa. Baba akaziomba mbao zake, akapewa. Kila jioni alirudi na ubao mmoja begani.

Randa hatukuwa nayo. Baba alinipa kigae cha chupa, akanionyesha jinsi ya kukwangua ule weusi wa grisi na matope mpaka mti wenyewe utokee, halafu nisugue kwa mchanga na gunia lililoloweshwa. Mwezi mzima nilikwangua. Vidole vilichanika, nikavifunga vitambaa nikaendelea. "Fuata mishipa ya mti," alikuwa akiniambia, "usishindane nayo." Yeye alikuwa pembeni akitoboa matundu kwa chuma cha moto na kuchonga vijiti vya kushikiza, maana misumari nayo haikuwepo. Sijawahi kuwa na raha kama ile. Kichwani nilikuwa tayari nimekaa kwenye meza hiyo, bega kwa bega na Baba, tunakula.

Siku ilipoingizwa ndani, Baba aliipangusa kwa mkono, akasema, "Hapa ni mahali pa wageni, mimi na Wafula. Nasimiyu, wewe utakula jikoni na Kukhu."

Alisema bila ubaya wowote. Ndivyo ilivyokuwa kwetu, wasichana na bibi zao jikoni. Lakini Wafula! Wafula ambaye hakugusa hata ubao mmoja, aliyekuwa akipita akiniita fundi kamasi! Nilikwenda jikoni, nikamkuta Kukhu anasonga ugali, na maneno yakatoka yenyewe.

"Kukhu, unajua hilo gari ndilo lilibeba maiti ya mtoto wa Kaburu?"

Kukhu aliweka mwiko chini. "Nani amesema?"

"Watoto wa mpishi."

"Apa."

"Haki ya Mungu," nikasema, nikalamba kidole nikakielekeza juu.

Kwetu, kitu kilichobeba maiti hakiingizwi mahali watu wanakula, na ole wake mama mjamzito akilala nacho chumba kimoja. Nililijua hilo vizuri, ndiyo sababu nililichagua. Nilichosahau kwa hasira ni kwamba mtoto anayezua uongo wa maiti, halafu akaapa, anaogopwa kuliko kitu chenyewe. Anarudishwa kwa wazee wa ukoo, anachinjiwa kondoo ili atakaswe, na habari zake zinamfuata mpaka siku ya kuposwa. Nami nilikuwa nimeshaapa.

Mama aliposikia, alichukua mkeka wake akaenda kukaa nje, mikono miwili tumboni. "Baba Wafula, mimi humo sirudi," alisema. "Nimepoteza wawili. Huyu wa tatu sitaki kumpoteza kwa sababu ya meza."

Baba kwanza alicheka, akamtazama Kukhu. "Mama, hilo gari limebeba mahindi na ngozi tu."

"Ulikuwa unalilinda?" Kukhu akamjibu. "Mtoto ameapa."

Baba akanigeukia. "Nasimiyu, njoo tuchote maji." Baba hakuwa mtu wa kuchota maji.

Mtoni alichuchumaa mbele yangu. "Nani amekuambia habari za maiti?"

"Watoto wa mpishi."

"Nasimiyu. Mimi ndiye nilikuwa nashika kamba ya ng'ombe wa gari hilo. Miaka sita, tangu linunuliwe mpaka lilipotupwa. Sijawahi kupakia maiti ya mtu yeyote."

Nikaanza kulia. Nilingoja fimbo, na hadi leo natamani angenichapa. Baba alichota maji kwa kiganja, akanipangusa uso. "Nikisema ni uongo, Kukhu atakupeleka kwa wazee. Unaelewa?" Nikaitikia kwa kichwa. "Basi nyamaza. Maneno haya yaishe hapa mtoni."

Tuliporudi alimwambia Kukhu, mbele ya Mama, "Mama, nimekumbuka. Mtoto amesema kweli." Mtu wa kanisa, asiyesema uongo hata kwa mnyapara, alidanganya mama yake kwa ajili yangu.

Desturi ni kwamba aliyeleta kitu kama hicho anakichoma mwenyewe, nje ya boma. Wafula alimpa Baba shoka, Baba akakataa. Alichomoa vijiti kimoja kimoja, taratibu, akapanga mbao juu ya kuni. Upande ule nilioukwangua ulikuwa juu, unang'aa. Zilikuwa mbao ngumu, zilichukua muda kushika moto. Baba alisimama pale mpaka zikaisha.

Jumapili mwalimu alikula sahani ikiwa magotini, na mchuzi wa kuku ukammwagikia kwenye suruali yake nyeupe. Mwalimu alisema, "Si neno." Baba alipiga magoti kuipangusa, akiomba msamaha, wala hakuinua uso mpaka mgeni alipoondoka.

Mama alijifungua salama, mtoto wa kike mwenye afya. Basi ikawa ushahidi! Kukhu alitangaza shamba zima, kwamba meza ya maiti ingemuua huyu mtoto kama si mimi. Wanawake waliniita mwenye macho, wakanipa ndizi. Nilizila. Baba alikuwa akisikia hayo yote.

Hakutengeneza tena kitu cha mti. Hata kigoda. Wakimwomba mpini wa jembe alisema mikono imechoka, na wakati huo hata mvi hakuwa nayo.

Siku hizi siwalaumu Kukhu na Mama. Waliogopa kwa kuwa walikuwa wamezika, na mimi niliichukua hofu yao nikaitumia. Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Nilimpikia, nikamuuguza, tukakaa kimya pamoja mara nyingi sana. Kila nilipotaka kufungua mdomo nilijiambia yeye mwenyewe alisema yaishe mtoni, nikajificha nyuma ya neno lake.

Alijua nilidanganya. Kwa nini, hakuniuliza kamwe, nami sikumwambia kwamba nilitaka tu kula nikiwa nimekaa karibu naye. Nafikiri alikwenda kaburini akiamini kwamba binti yake aliichukia kazi ya mikono yake.