Mkarafuu wa Ibra na Kipande cha Msonobari

Nyumba yetu ya Ibra ilinuka gunia bichi. Wenzangu waliokulia Omani ukiwauliza harufu ya utoto wao watakutajia udi, kahawa yenye iliki, labda tende zinapochemshwa kiangazi. Mie nakumbuka gunia la katani lililolowa, kwa sababu Bibi, mama yake mama, alilitundika uani mbele ya mche wake wa mkarafuu na kulimwagia maji asubuhi, mchana na jioni, ili upepo upoe kabla ya kuufikia. Mkarafuu, Ibra! Mji ambao kanga yako ya kwanza hukauka kwenye kamba kabla hujamaliza kuanika ya pili. Mche ule ulikuja na jamaa yetu kutoka Pemba, ndani ya kopo la maziwa ya unga, na haukuwa wa kwanza. Mitatu ilikwisha kufa kabla yake, na kila ukifa mmoja Bibi aliagiza mwingine bila kumsikiliza mtu. Alikulia katika mikarafuu ya baba yake, akaondoka na watoto wawili mkononi, hakurudi tena. Alichokitaka alikisema waziwazi kwa kila mgeni aliyeketi kunywa kahawa: kuchuma kishada kimoja cha karafuu mbichi kwa mkono wake kabla Mungu hajamchukua.

Nilikuwa na miaka tisa, na mche wa nne ulikuwa umenifika kifuani, Mjomba aliporudi likizo kutoka nchi za kaskazini alikokuwa akisomea elimu ya miamba. Sisi watoto alituletea chokoleti. Yeye mwenyewe alijiletea kipande cha mti, cheusi cheusi, kizito, kinachonuka tope la kale. Nilifikiri masomo yamemvuruga. Kumbe kile kilikuwa kipande cha kisiki cha msonobari, kimetolewa ndani ya kinamasi, juu mlimani, mahali ambapo leo hauoti mti wowote, ni theluji na mawe tu. Alinipakatisha kile kipande akanifundisha kuhesabu miduara yake: mipana ni miaka ya neema, myembamba ni miaka ya baridi kali. Akanieleza kwamba zamani sana, kabla ya viwanda na magari, nchi zile ziliwahi kupata joto la kutosha misonobari ikapanda mlima, kisha baridi ikarudi kidogo kidogo, msitu ukashuka, visiki vikabaki topeni kutoa ushahidi. Alinipeleka hata kwenye wadi, lile bonde la mto uliokauka nje ya mji, akanionyesha magamba ya konokono wa majini yaliyokwama ukingoni, pakavu kabisa, dalili kwamba hata kwetu maji yaliwahi kutuama. Wallahi nilipata wazimu. Wiki nzima sikuzungumza jingine, mpaka kaka yangu akaniita mwalimu wa konokono, na jina likanikaa.

Kabla hajarudi masomoni, Mjomba alitaka kwenda Salalah, kusini kabisa mwa Omani, kwa gari kumtembelea rafiki yake mwenye shamba. Salalah kuna minazi na migomba, na kiangazi kizima hunyesha manyunyu. Akamwambia Bibi ampe mche akaupande kule, maana hapa hautakivuka kiangazi, na yeye Bibi angepelekwa kuutazama kila mwaka. Bibi alikubali kwa shingo upande. Asubuhi ya safari aliufunga mche kwa kanga kuukuu, akaufungua, akaufunga tena. Gari lilikuwa mlangoni linaunguruma. Mjomba alikuwa ndani anaaga, na mimi nikamshika Bibi nguo.

"Usimpe, Bibi," nikasema. "Hali ya hewa hugeuka. Kule kwenye theluji kuliota msitu, na hapa palikuwa na maji. Yatarudi."

Aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia kwamba Mjomba ana ushahidi, na hilo halikuwa uongo. Bibi hakuwa mjinga. Alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia kile alichotamani kusikia, na mtu huyo nikawa mimi. Mjomba alipotoka alimkuta amekwisha kuurudisha mche nyuma ya gunia, naye Bibi akamwombea safari njema.

Kiangazi kikaja na upepo wake wa moto. Maji ya falaj, ule mfereji unaonywesha bustani yetu, yakapungua mpaka kifundoni, na baba akasema hayatoshi mitende, sembuse mkarafuu. Bibi akawa anakinga maji yake ya udhu kwenye beseni na kuumwagia. Majani yalianza kuungua nchani. Siku ya tano ukiyashika yanavunjika. Mjomba aliporudi kutoka Salalah kuaga aende zake masomoni nilimwambia nililolifanya, nikalia mpaka nikatapika. Bibi alikuwa ameketi pale pale. Akamuuliza mwanawe, kwa sauti ya kawaida tu, kama kweli maji yatarudi.

"Huenda, mama," akajibu. "Lakini mambo yale huchukua vizazi na vizazi. Si ya kungojewa na mtu."

Bibi akaitikia kwa kichwa. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Akatutaka tuukate ule mti mkavu tuuzike kwenye tope kando ya falaj, ili na huo siku moja ufukuliwe na msomi fulani. Mjomba akacheka kwa huzuni, akasema mtu huyo atadhani Ibra ilikuwa na mvua za kuoteshea karafuu, na atakosea. Bibi akasema mwache akosee. Tuliuzika, lile gunia likateremshwa, na Bibi hakuagiza mche mwingine.

Sasa nimevuka arobaini na nafundisha sayansi mjini Nizwa. Joto limezidi lile la utotoni, hilo halihitaji msomi. Kila tukikutana harusini au matangani, hakosi mtu wa kusema tusihangaike, hali ya hewa ya dunia imekuwa ikigeuka tangu zamani, hata kaskazini kwenye theluji kuliwahi kuwa na misitu. Hapo huwa napandwa na hasira mpaka binti yangu ananivuta mkono. Si kwamba wanasema uongo. Kile kipande cha msonobari ninacho, kiko juu ya kabati, na kila mwaka nawahesabisha wanafunzi miduara yake. Lakini Mjomba, ambaye sasa ni mzee, hakosi kunikumbusha kuwa ule ulikuwa mwendo wa polepole, na huu wa leo unakimbia na sisi ndio tunaouchochea. Na maneno yao nayajua vizuri, maana mimi ndiye niliyemwambia Bibi.

Bibi aliishi miaka tisa zaidi. Mkarafuu huanza kuzaa ukiwa na miaka sita, saba. Hesabu hiyo nimeipiga mara nyingi kuliko miduara ya msonobari. Gari lilikuwa mlangoni, linaunguruma, na kiti cha nyuma kilikuwa kitupu.