Wifi Yangu Aliyeambiwa Akae

Ukitaka kumwudhi wifi yangu Salvina, mwambie apumzike. Nimeishi naye kwenye kihamba kimoja, shamba la ukoo wao, huku Kibosho tangu nilipoolewa na kaka yake Thadeus. Sijawahi kumwona akiudhiwa na mvua, wala na njaa, wala na watoto wangu waliokuwa wakimpanda mgongoni walipokuwa wadogo. Lakini neno "wewe kaa tu" linamtoa macho. Alipooza miguu yote miwili akiwa mdogo, hata hakumbuki kutembea kulikuwaje, na tangu hapo kila mtu mwenye huruma amekuwa akimwambia akae.

Kazi yake ilikuwa kumenya kahawa. Wasiojua mambo ya huku mlimani niwaeleze kidogo: kahawa mbivu ikishachumwa hailali na ganda lake jekundu, inamenywa siku ileile. Mashine yetu ni ya chuma, ya kuzungusha kwa mkono, na aliinunua baba mkwe enzi zake. Thadeus aliifunga kwenye gogo fupi ili Salvina aizungushe akiwa ameketi kwenye kigoda. Majirani wasio na mashine walileta madebe yao kwetu, na habari zao pia. Kama kuna mtu alitoroka na mke wa mtu kule Umbwe, Salvina alijua kabla ya mume mwenyewe.

Mabega yake yalikuwa mapana kuliko ya Thadeus. Wanaume walimtania kwamba atakayemwoa ajiandae kupigwa. Yeye aliwajibu kwamba ndiyo sababu wote wamebaki kuangalia kwa mbali.

Jumapili moja baada ya misa walikuja wauguzi kupima presha chini ya mwembe... hapana, nisiwadanganye, hatuna mwembe kanisani kwetu. Walipanga meza kwenye baraza la nyumba ya katekista. Salvina alipojiingiza kwenye foleni na kiti chake cha magurudumu, mama mmoja akauliza kwa upole kabisa, "Na wewe dada, wala hutembei, presha utaitoa wapi?" Nadhani Salvina alipima kwa hasira tu. Muuguzi akatazama kipimo, akamfunga tena mkono wa pili, akapima tena. Halafu akamwambia aende hospitali mjini wiki hiyohiyo.

Tulikwenda watatu. Daktari alikuwa na haraka zake, nje watu wamejaa. Alimwuliza Thadeus, "Anakula vizuri?" Salvina akajibu. Akamwuliza Thadeus, "Usingizi anapata?" Salvina akajibu. Daktari akaendelea kuandika na kumtazama mume wangu, kama vile sauti ilikuwa inatoka kwenye redio. Hakupimwa uzito, maana mizani yao ilitaka mtu asimame. Mwishoni alitoa vidonge, akasema tupunguze chumvi na mafuta, akakitazama kile kiti cha magurudumu na kuongeza, "Na apumzike. Asijichoshe." Hakuuliza anafanya kazi gani. Sidhani kama ilimjia kwamba ana kazi.

Hapo ndipo matatizo yetu yalipoanza. Miaka ya nyuma baba mkwe alifia shambani, katikati ya mistari ya kahawa, kikapu bado kiko shingoni. Moyo, walisema. Thadeus ndiye aliyemkuta. Na mama mkwe naye, alipokuwa anakata roho, alimshika Thadeus mkono akamwambia amtunze Salvina. Kwa hiyo mume wangu aliposikia maneno presha na moyo na apumzike, hakusikia kingine chochote. Kesho yake asubuhi aliifungua mashine kwenye gogo, akaibeba begani mpaka kwa jirani yetu Ambrosi, akamwambia akae nayo.

"Baba Jovin, umemwuliza mwenyewe?" nilimwambia.

"Mama Jovin, hili si la kuuliza."

Nikanyamaza, maana nilifundwa kwetu. Lakini sufuria zangu jioni ile zilipiga kelele kwa niaba yangu.

Thadeus si mtu mbaya, nisieleweke vibaya. Alimnunulia dada yake mto mpya wa sofa. Alisogeza televisheni karibu. Akichinja kuku, paja lilikuwa la Salvina. Mimi nami nilishughulika na jikoni. Chumvi niliipiga marufuku, nikawa mkali kuliko daktari. Chakula kikakosa ladha, basi nikawa naongeza magadi kwenye kiburu, ndizi na maharage viive vizuri na mtu apate hamu ya kula. Nilijisifu sana kwa ujanja huo.

Salvina akakaa. Msimu wa kahawa ulipopamba moto, madebe yalipita njiani kwetu kwenda kwa Ambrosi, na habari nazo zikapita. Mikono yake ikaanza kulegea. Akawa anahema kwa kujivuta tu kutoka kitandani hadi kwenye kiti, jambo alilokuwa akilifanya huku anaimba. Akanenepa usoni. Tulipompeleka zahanati, presha ilikuwa palepale, pengine imepanda kidogo. Thadeus akaamua kwamba hapumziki vya kutosha, akamkataza hata kuchambua maharage.

Mchana mmoja nilimletea chai. Alikuwa anaangalia televisheni iliyozimwa.

"Wifi," akaniambia, "nimekuwa kabati la humu ndani. Mnanifuta vumbi tu."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya zizi, nikijifanya naita mbuzi.

Siku ya kurudi hospitali, muuguzi wa zamu alimwona anavyohema, akatuelekeza chumba cha mazoezi ya viungo. Huko alikuwapo kijana mmoja anaitwa Shedrack. Alichuchumaa mbele ya kile kiti, macho yake yakawa sawa na ya Salvina, akasema, "Shikamoo, mama."

Salvina alichelewa kuitikia. Hakuzoea salamu kumfikia yeye kwanza. "Marahaba, mwanangu."

"Niambie, siku yako inakwendaje?"

"Nakaa."

"Na kabla ya kukaa?"

Basi Salvina akafunguka. Alimweleza mashine, mpini, madebe, na Ambrosi anavyomenya vibaya mpaka kahawa inakatika. Shedrack akacheka. Akamsogeza pembeni, kulikokuwa na chombo chenye pedali mbili kilichowekwa juu ya meza, akamwonyesha azungushe kwa mikono. Salvina akakishika, akakizungusha, akakitazama chini na juu.

"Hii ni mashine yangu," akasema. "Ila nyie mmesahau kutia kahawa."

"Ndiyo hiyo, mama. Moyo haujui kama umekimbizwa na miguu au na mikono. Watu wanaotembea tunawaambia watembee. Wewe mbio zako zilikuwa kwenye ule mpini."

Thadeus akakohoa. "Lakini daktari alisema apumzike."

"Kazi ikizidi, apumzike, baba. Na vidonge asiache hata siku moja. Ila mtu akikaa siku zote, moyo nao unalegea kama mkono unavyolegea." Akamgeukia tena Salvina. "Utaanza taratibu, kidogo kidogo. Ukiwa unazungusha, uweze kuongea. Pumzi ikikata maneno, umezidisha. Kifua kikibana au kichwa kikizunguka, acha, uje hapa. Na chakula chenu kikoje?"

Hapo nikajitokeza mbele. "Chumvi tumeacha kabisa."

"Vizuri sana, mama. Na magadi?"

"Magadi si chumvi," nikasema.

Alinitazama kwa heshima zote, na heshima yake ndiyo iliyoniuma. Akaeleza kwamba kilicho kibaya kwenye chumvi kimo kwenye magadi pia, na presha haichagui jina. Salvina aliniangalia mimi, akaliangalia dari, akaanza kucheka. Alicheka mpaka kiti kikatikisika. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu mashine iondoke, na kwa kicheko kile ningekubali kuaibika mara kumi.

 Tulipofika nyumbani nikamwuliza Thadeus mashine itarudi lini. "Tutaona," akasema. Katika nyumba yetu, tutaona maana yake hapana.

Nilitaka kupigana. Salvina akanizuia. Jumapili iliyofuata tulikuwa na ubatizo wa mjukuu wetu, ukoo mzima umekuja, nyama na pombe ya mbege tele. Kabla wageni hawajakaa sawa, Salvina aliniambia niende mpakani mwa shamba nikamkatie jani la sale. Huku kwetu sale si majani ya kupambia ua. Ukimkosea mtu, unalifunga fundo, unampelekea, na yeye hawezi kukataa kukusamehe bila kujitia doa mbele ya watu. Nilimletea. Akalifunga fundo mwenyewe.

Watu waliposhiba akaniambia nimsukume mpaka alipoketi kaka yake. Akamnyoshea lile jani kwa mikono miwili.

"Kaka, pokea. Nakuomba msamaha."

Thadeus alishtuka. "Umenikosea nini?"

"Bado. Ni kosa la kesho. Kesho asubuhi nakwenda kwa Ambrosi kumenya kahawa. Akikosekana wa kunisukuma, nitatambaa."

Kelele zikazuka. Mmoja akasema sale ni kwa kosa lililokwisha kutendwa, huwezi kukopa msamaha. Mwingine akasema kosa ni kosa, likija leo au kesho. Vijana wakawa wanajizuia kucheka. Mwisho wote wakamgeukia baba mdogo Filemon, ambaye ndiye mkubwa aliyebaki kwenye ukoo. Alifikiri, akaweka kibuyu chini.

"Mimi sijawahi kuona jambo hili," akasema. "Lakini jani likishatolewa mbele ya ukoo halirudi kwa mtoaji. Pokea, Thadeus."

Thadeus hakunyosha mkono.  "Naogopa kukuzika, Salvina. Nilimwokota baba mwenyewe. Sitaki kukuokota na wewe."

Nadhani ndiyo mara ya kwanza kulisema hilo mbele ya mtu. Salvina naye machozi yakawa yanamtoka, lakini mikono haikushuka.

"Utanizika, kaka, au mimi nitakuzika wewe. Hilo la Mungu. Ila umeanza mapema mno, na mimi bado nasikia."

Thadeus akalipokea jani.

Asubuhi tuliamka tukakuta mashine iko kwenye gogo lake. Thadeus alikuwa amekwenda kuichukua peke yake, na Ambrosi alimshukuru kwa moyo wote, maana mabega yalikuwa yanamuuma. Salvina akaketi kwenye kigoda chake. Mizunguko ya mwanzo ilimtoa jasho, akapumzika, akaanza tena. Thadeus alisimama pembeni kama mlinzi wa benki.

"Ongea," akamwambia.

"Niongee nini?"

"Chochote. Kijana alisema uweze kuongea."

Salvina akamtukana kwa Kichagga, matusi marefu ya mababu, bila kukatika pumzi. Thadeus akaondoka ameridhika kwenda kukata majani ya ng'ombe.

Presha haikushuka kwa muujiza. Ilishuka pole pole, kama tulivyoambiwa, kwa vidonge, kwa mpini, na kwa mimi kujifunza kupika kiburu kwa ndimu na vitunguu. Watoto wanasema sasa kina ladha kuliko zamani, sijui kama wananifariji. Shedrack alikuja siku moja kuiona hiyo mashine, na baada ya hapo akaomba ruhusa ya kutuletea wengine. Sasa Jumamosi anakuja Ezra, aliyekatwa mguu, na binti asiyeona anaitwa Kindness, na wengineo wa vijiji vya chini. Wanapokezana mpini, wanapimwa presha, wanasengenya. Kindness ana mkono mzuri, anajua kahawa imebana kwa kusikiliza tu.

Jumamosi moja mwisho wa msimu, Thadeus alikuwa anapandisha debe la kahawa kutoka shamba la chini. Katikati ya njia akasimama. Akashika tawi. Sote tulimwona, lakini Salvina ndiye aliyeacha kuzungusha.

"Kaka, wewe umepima lini?"

"Mimi?" Akalishusha debe, akajifuta jasho. "Mimi nina miguu, Salvina."

 Ezra aliinama akajitazama mguu wake mmoja. Thadeus akaelewa alichokisema, akaona haya, na kwa haya hiyo akamnyoshea Shedrack mkono.

Shedrack alipima. Akampumzisha, akapima tena. Ilikuwa juu kuliko ile ya Salvina siku ya kwanza pale kwa katekista. Akamwambia kwa upole kwamba Jumatatu afike hospitali bila kukosa, na kwamba mambo haya yanatibika. Thadeus aliitikia kwa kichwa, lakini nilimjua mume wangu. Alikuwa amerudi kule kwenye mistari ya kahawa, kwa baba yake. 

Hakunitazama mimi, wala Shedrack. Akamtazama yule aliyeachiwa amtunze.

"Sasa nifanyeje?" akamwuliza.

Salvina akaufuta mpini kwa upindo wa kitenge chake, akajisogeza kidogo ili kaka yake apate nafasi.

"Jumatatu nakupeleka mimi. Leo shika hapa, uzungushe taratibu, huku unaongea na mimi. Ukichoka, nitapokea."