Kiti cha Enzi cha Tongoni

Walisema mtoto wa mgema hatarudi Tongoni na cheti. Nilirudi nacho, cha ualimu, kutoka Uganda, nikawa navaa tai hata kwenda kisimani. Kwa hiyo alipokuja mzungu kutafuta msimamizi wa magofu yetu, sikuona mtu wa kushindana nami.

Nilimtembeza msikitini na makaburini, mambo yakaenda vizuri. Kisha tukaingia katika gofu la nyumba ya mawe, na katika chumba cha ndani tukakuta jukwaa dogo la chokaa lenye tundu katikati. Sikuwahi kuona kitu kama hicho, maana nimekulia nyumba ya udongo. Lakini mwenye cheti hakosi jibu.

"Hiki ni kiti cha enzi," nilimwambia kwa Kiingereza changu safi. "Sultani alikaa hapa, na kodi ikatumbukizwa humu tunduni."

Nikaketi kumwonyesha. Mzungu akafurahi, akaniomba nimpishe, akaketi yeye, nikampiga picha.

Ndipo akapita Bibi Mwanaidi, mzaliwa wa majumba ya mawe ya Pangani, amebeba kuni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mgeni wako anaumwa tumbo?"

"La, bibi! Amekalia kiti cha Sultani."

"Kiti gani? Hicho choo! Kwetu Pangani tulikuwa nacho kama hicho."

Mzungu, aliyejua Kiswahili kuliko nilivyodhani, akainuka taratibu, akajipangusa suruali, akamwuliza Bibi Mwanaidi kama anatafuta kazi.